Deki ya Pwani huozea chini, hasara yake huanzia mpakani

Inua ubao mmoja wa deki iliyojengwa miaka mitatu iliyopita nyuma ya nyumba ya wageni, iwe Diani, Kilifi, Pangani au Bagamoyo. Upande wa juu utakuta rangi ya kijivu na nyufa mbili tatu, kazi ya jua tu. Ugeuze. Mara nyingi habari yenyewe iko huku: ubao umekuwa mweusi, una unyevu hata kama mvua haijanyesha wiki mbili, na ukiuchoma kwa bisibisi pale ulipolalia boriti, bisibisi inazama kama kwenye muhogo uliochemshwa.

Mwenye nyumba humlaumu fundi. Fundi humlaumu aliyeuza mbao. Aliyeuza mbao, kama ni mfanyabiashara wa Lunga Lunga aliyezivusha kutoka Horohoro, hana wa kumlaumu, kwa sababu aliyezipasua yuko Mufindi na simu yake haipatikani.

Deki ni sakafu ya mbao iliyoinuliwa kutoka ardhini, nje ya nyumba, ya kukalia jioni upepo unapoanza kuvuma. Neno lenyewe tulilipata melini, na majumbani tukabaki na kupiga deki tu. Siku hizi zinajengwa kwenye nyumba za kupangisha, mikahawa ya ufukweni na nyuma ya nyumba za familia zenye ua wa kutosha. Kwa muuza mbao, kazi hii ina faida kuliko mbao za kenchi, maana mteja anataka mbao nene, zilizorandwa, za urefu kamili, na skrubu na mafuta juu yake. Lakini lawama zake pia hurudi haraka. Mbao ya kenchi imejificha chini ya bati. Ya deki inakanyagwa kila siku, na siku itakayovunjika itavunjika chini ya mguu wa mgeni.

Nafasi ndogo kati ya ukavu na uozo

Ubao haukauki ukabaki mkavu daima. Huvuta unyevu na kuutoa mpaka ulingane na hewa inayouzunguka. Kwa hewa ya Pwani, yenye unyevunyevu wa asilimia 80 hivi na joto la nyuzi 27 au 28, ubao uliotulia kivulini hubaki na maji ya takriban asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Kuvu wanaoozesha mbao wanahitaji zaidi ya hapo. Wataalamu wa mbao huweka mstari wa tahadhari kwenye asilimia 20, na kuvu hustawi vizuri ubao unapokaribia asilimia 30.

Kutoka 16 hadi 20 ni hatua fupi sana. Ubao huohuo ukiupeleka Dodoma, hewa ni kavu zaidi na nafasi ni kubwa zaidi. Ndiyo maana fundi aliyejenga vizuri bara akaja kujenga vilevile Mombasa huambulia aibu bila kuelewa alikosea wapi.

Mvua yenyewe si tatizo kubwa. Kila ubao wa nje utalowa, masika au vuli, na mbao nzuri inavumilia kulowa. Kinachouua ni maji yaliyokosa njia ya kutoka: yaliyonaswa kati ya ubao na boriti, kwenye tundu la skrubu, kwenye ncha iliyokatwa ambayo hunyonya kama utambi wa taa, au hewa iliyotuama chini ya deki iliyozibwa pande zote ili ipendeze. Mteja akikuambia anataka deki ilale chini kabisa, igusane na nyasi, mweleze mapema kwamba anajenga chakula cha kuvu na mchwa kwa wakati mmoja.

Mchwa nao wana tabia inayosaidia ukiijua. Wale wa ardhini hawapendi kutembea hadharani. Hujenga vijia vya udongo kutoka ardhini hadi kwenye mbao. Nguzo ikisimama juu ya kitako cha zege, kijia kitaonekana kwenye zege na unaweza kukivunja na kuweka dawa. Nguzo iliyochimbiwa ardhini inaliwa kwa ndani, na utajua siku itakapolala.

Fundi afanye nini

Msingi ni vitako vya zege, vyenye kiatu cha chuma kinachoinua nguzo isiguse zege moja kwa moja. Chini ya deki toa nyasi na udongo wa juu, mwaga kokoto, na hakikisha maji yanateremka kwenda mbali na nyumba. Acha urefu wa sentimita 30 au zaidi kutoka kokoto hadi boriti, na pande mbili zinazotazamana ziwe wazi ili upepo upite. Kaskazi na kusi zinavuma bure, ila ukuta wa mabanzi unazizuia.

Mbao za juu ziachane. Kama zimekauka, acha milimita 5 au 6 kati ya ubao na ubao. Kama ni mbichi, fundi mwenye uzoefu huzibananisha kwa sababu anajua zitasinyaa zenyewe, lakini zikisinyaa zinapinda pia, kwa hiyo hiyo ni njia ya mtu aliyekosa mbao kavu. Kila ncha iliyokatwa ipakwe mafuta au dawa siku hiyohiyo, kabla haijafungwa. Juu ya boriti wengine hubandika utepe wa lami ili maji yasiingie kwenye matundu ya skrubu. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na boriti mpya.

Chukua deki ya futi 12 kwa 10, ambayo ni saizi inayoombwa sana kwa sababu mbao zetu nyingi huuzwa kwa futi 12. Ubao wa inchi 6 ukirandwa hubaki na upana wa milimita 140 hivi. Ukiweka na pengo la milimita 6, upana wa futi 10 unakula mbao 21. Boriti zikikaa kila baada ya sentimita 40, unahitaji 10. Kila ubao unapokutana na boriti unaingia skrubu mbili, kwa hiyo ni skrubu 420. Ongeza mbao mbili au tatu za akiba kwa zenye vifundo vibaya, na usitoe bei bila hizo skrubu. Wauzaji wengi wanazisahau kwenye hesabu, halafu fundi anaokoa pesa kwa kununua misumari ya kawaida.

Na misumari ya kawaida karibu na bahari ni hasara. Chumvi ya hewani huila ndani ya muda mfupi, kutu inapasua ubao, na tundu linageuka kisima. Karibu kabisa na ufuko, skrubu ya chuma kisichoshika kutu, ile ya daraja la 316, ndiyo salama. Mbali kidogo, iliyochovywa kwenye zinki ya moto inatosha. Kumbuka pia kwamba dawa nyingi za mbao zina shaba, na shaba hula chuma cha kawaida na hata zinki nyembamba. Mbao ya dawa na msumari wa bei rahisi hazikai nyumba moja.

Mbao ipi, na sehemu ipi ya mti

Hapa ndipo biashara inapoharibika zaidi, kwa sababu tunauza majina ya miti wakati kinachodumu ni sehemu ya mti.

Mtiki una sifa yake duniani kote, na haupo mbali: shamba la Longuza, Muheza mkoani Tanga, liko upande uleule wa nchi ulio na mpaka wa Horohoro, na kuna mashamba mengine Morogoro, Mtibwa na bonde la Kilombero. Lakini uimara wa mtiki uko kwenye kiini, ile sehemu ya rangi ya dhahabu hadi kahawia. Sehemu ya nje iliyo nyeupe huoza kama mti mwingine wowote. Miti iliyovunwa ikiwa michanga ina nyeupe nyingi, na ubao wenye ukanda mweupe nusu ya upana wake ni mtiki kwa jina na paina kwa maisha. Ukinunua, panga mbao juani, tenga zenye nyeupe, zipe bei nyingine na kazi nyingine.

Mvule nao kiini chake kinavumilia mchwa na maji, na mafundi wa majahazi waliujua zamani kabla ya sisi kuanza kuandika makala. Kasoro yake ni mawe: ndani ya mti hujikusanya madini magumu kama chokaa yanayong'oa meno ya msumeno. Vumbi lake pia linawasha kifua na ngozi, kwa hiyo fundi afunge pua.

Paina na mkaratusi ni hadithi nyingine. Mkaratusi hujipindapinda na kupasuka unapokauka, kwa hiyo ufanye nguzo zaidi kuliko sakafu. Paina, kutoka mashamba kama Sao Hill huko Mufindi, ambalo ndilo kubwa zaidi la serikali Tanzania, ni laini na haina kinga yake yenyewe. Bila dawa, nje ya Pwani haifiki mbali. Ikiwekwa dawa kwa mgandamizo ndani ya mtungi inafaa kabisa, na bei yake inampa mteja wa kawaida nafasi ya kujenga. Ila kanuni hapa inageuka. Kwenye mtiki na mvule unatafuta kiini. Kwenye paina ya dawa unataka ile sehemu ya nje, kwa sababu ndiyo inayonywa dawa. Kiini chake hukataa.

Rangi ya kijani si ushahidi. Ubao uliochovywa kwenye pipa kwa dakika chache unakuwa wa kijani vilevile, lakini dawa imeishia juu ya ngozi. Kata kipande katikati ya ubao, si mwishoni, uone rangi imeingia kiasi gani. Muuzaji anayekataa ukate ubao mmoja kabla ya kununua mia moja amekwisha kukupa jibu. Na ueleze zinakwenda kufanya kazi gani, kwani mbao ya kukaa juu ya boriti na nguzo itakayogusa ardhi hazihitaji kiasi kimoja cha dawa.

Siku hizi pia kuna mbao za mchanganyiko wa plastiki na unga wa mbao, nyingi zikija kwa kontena kutoka China. Hazipendwi na mchwa, lakini zinashika joto kali juani na hutanuka. Mguu mtupu saa saba mchana utasema zaidi yangu.

Nauli ya maji

Paina iliyopasuliwa leo inaweza kubeba maji yanayozidi uzito wake mkavu. Fikiria maana yake kwa anayelipia lori kutoka Iringa hadi Taveta au Lunga Lunga: karibu nusu ya uzito kwenye mizani ni maji yatakayopotea hewani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari refu kabisa, na mizani haiulizi kama ni mbao au ni maji. Mbao kavu ni nyingi zaidi kwa safari moja, hazioti ukungu zikiwa zimebanwa chini ya turubai, na hazimgeuki mteja.

Mbao ya dawa ina mtego wake. Dawa hubebwa na maji, kwa hiyo hata mbao iliyokauka kabla ya mtungi hutoka humo imelowa upya. Kiwanda kikiipakia siku ya pili, umenunua mbao mbichi kwa bei ya mbao ya dawa.

Kipimo cha unyevu cha mkononi kinajilipa ndani ya mzigo mmoja. Asiye nacho anaweza kutumia mizani ya dukani na oveni. Kata kipande katikati ya ubao, kipime, kikaushe kwa nyuzi 103 mpaka uzito uache kushuka, kipime tena. Kama kilikuwa gramu 650 na kimebaki 500, maji yalikuwa gramu 150, yaani asilimia 30 ya uzito mkavu. Huo bado si ubao wa deki. Kwa Pwani lenga asilimia 16 hadi 18.

Kukausha hakuhitaji mtambo. Panga mbao kivulini, juu ya matofali, weka papi za inchi moja kati ya safu na safu, papi zikae mstari mmoja kutoka chini hadi juu, weka uzito juu na uzipake rangi ncha zake zisipasuke. Paina ya inchi moja huchukua wiki kadhaa. Mbao ngumu ya inchi mbili huchukua miezi. Mtaji unalala, ni kweli, na kwa mfanyabiashara mdogo hilo ndilo gumu zaidi katika yote haya. Wanaoweza kukodi banda moja kwa pamoja upande mmoja wa mpaka wana nafasi nzuri kuliko anayejaribu peke yake.

Majina yanapofika mpakani

Mahitaji ya upande wa Kenya hayakuanza jana. Februari 2018 serikali ya Kenya ilisitisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na wenye mabohari wakageukia zaidi Tanzania, Uganda na Kongo. Mwaka 2023 Rais William Ruto alitangaza kuondoa zuio hilo, suala likafika mahakamani, lakini njia za biashara zilizofunguka hazikufungwa. Tangu Kongo iingie kwenye Jumuiya mwaka 2022, mbao zinazopita Mpondwe kuingia Uganda nazo zinatoka nchi mwanachama.

Wengi wamechukulia kwamba uanachama ni ruhusa. Sivyo, hasa kwa miti mitatu tunayoipenda. Mkutano wa CITES uliofanyika Panama Novemba 2022 uliweka kwenye Jedwali la Pili aina za Kiafrika za jamii ya mkongo, mkangazi na mninga, na uamuzi ukaanza kutumika Februari 2023. Maana yake ni kwamba gogo au mbao iliyopasuliwa ya miti hiyo haivuki mpaka wowote, hata wa Namanga kwenda ng'ambo ya barabara, bila kibali cha CITES cha nchi inakotoka. Mvule na mtiki hazimo kwenye orodha hiyo.

Tatizo ni majina. Mkongo wa Tanzania ndio mbambakofi wa Pwani ya Kenya, na wala haimaanishi umetoka Kongo. Mkurungu ni ndugu wa mninga na umo kwenye jamii hiyohiyo. Karatasi ikiandika mbao mchanganyiko, ofisa ana haki ya kuuliza mchanganyiko wa nini, na lori likisimama siku tatu juani mbao zinapinda huku malipo ya maegesho yakipanda. Andika jina la Kiswahili na la kisayansi kwa kila aina, idadi ya vipande na vipimo vyake: Tectona grandis kwa mtiki, Milicia excelsa kwa mvule, Afzelia quanzensis kwa mkongo, Pterocarpus angolensis kwa mninga.

Kwa mzigo unaotoka Tanzania, hati ya kusafirishia mazao ya misitu hutolewa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na cheti cha afya ya mimea hutolewa na mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA. Upande wa Kenya mwenye neno juu ya afya ya mimea ni KEPHIS, na ni vizuri kuwauliza masharti ya kuingiza kabla ya kupakia, si baada ya kufika getini. Cheti cha uasili ndicho kinachokuondolea ushuru wa forodha kati ya nchi wanachama. Kile kilichorahisishwa ni kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani na kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, kwa hiyo uliza kama mbao zimo kwenye orodha ya mpaka wako. Hakifuti cheti cha afya ya mimea wala kibali cha CITES. Mawakala wanaosema kinafuta wote wanauza maneno.

Baada ya kuuza

Mteja apewe na maelezo. Deki ipakwe mafuta ya mbao mara moja kwa mwaka, Januari au Februari, ubao ukiwa mkavu na kabla masika haijaingia. Mababu walipaka vyombo vyao sifa, mafuta ya papa, na yalifanya kazi, ila sijui mgeni wa hoteli atakayekubali kunywa chai juu ya harufu ile. Ukoga wa kijani unaoteleza usuguliwe kwa brashi na sabuni, na si kwa mashine ya maji yenye nguvu, kwani hiyo huchana nyuzi za ubao na kufungua njia mpya za maji. Majani yaliyokwama kwenye mapengo yatolewe, maana pengo lililoziba ni sawa na pengo lisilokuwepo.

Neno moja zaidi kwa wenye mabanda, kwa sababu vipande vya mwisho huwa vinagawiwa bure au kuuzwa kama kuni. Mbao nyingi za dawa katika ukanda wetu hutibiwa kwa mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Vikichomwa, aseniki huingia kwenye moshi na kubaki kwenye majivu, na majivu hayo huishia bustanini au kwenye sufuria. Visiwe kuni za mama ntilie, visiwe hori la kulishia mbuzi, visiwe ubao wa kukatia nyama. Vitenge peke yake bandani, viandikwe kwa rangi, na anayeviomba aambiwe kwa nini hapewi.